Una Baba Wangapi?

Kwako Mama Mdogo, uliyelala Masoko,

Ndugu Bakari, muuza mitumba wa Kilwa Masoko, anasikitika kutangaza kifo cha herufi S, ile inayokaa mwishoni mwa kitenzi cha Kiingereza. Marehemu alizaliwa juu ya fulana moja ya mtumba, akakulia barazani kwa Mwalimu Lukasi, na amefia chumbani kwa Baba Mdogo, mchana kweupe, mbele ya watu watatu, mmoja wao asijue kinachoendelea. Habari ziwafikie ndugu na jamaa walioko Kikole, Kivinje, Kisiwani na Songo Mnara, pamoja na wote waliowahi kuandika "he go" wakakatwa alama. Mazishi yameshafanyika. Msisumbuke kuja.

Najua ungecheka. Ungeziba mdomo kwa ncha ya kanga na kusema, "We Bakari, redioni wangekutoa na kiti chako." Ndiyo maana nimeanza hivyo. Ningeanza na ninachotaka kusema, kalamu isingefika mstari wa pili.

Kabla sijaenda mbali naomba ruhusa ya jambo moja. Katika barua hii nitakuita wewe. Nyumbani nilikuwa nakwambia "Mama Mdogo, mmeamkaje?" na nikikuulizia kwa majirani nilikuwa nasema "Mama Mdogo wametoka?" kama vile umeondoka na kikosi. Atakayeisoma barua hii na si mtu wa kwetu atashangaa, basi nimweleze haraka. Huku kwetu mtu mzima hatajwi peke yake. Baba mmoja akienda shamba, tunasema baba wamekwenda shamba. Mama mmoja akilala, mama wamelala. Si kwamba hatujui kuhesabu. Ni kwamba mtu wa heshima haachwi mmoja mmoja kama kijiti. Na wewe, tangu siku ulipoingia nyumba ile ukiwa mke wa Baba Mdogo, ukawa wengi kwangu. Leo nakuomba urudi kuwa mmoja mpaka mwisho wa karatasi. Wengine wote nitawaacha na wingi wao, isipokuwa Mwalimu Lukasi. Umoja aliutaka mwenyewe.

Unaikumbuka meza yangu? Ilikuwa ubavuni mwa baraza la mwalimu. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila kitu ruksa: sabuni za kila rangi, redio za kaseti, wanunuzi binafsi wa korosho wakikimbizana na magunia vijijini, na marobota ya mitumba yaliyopanda lori Dar yakashuka kwetu yamekula vumbi lote la Rufiji. Kiingereza nacho kikawa ruksa. Watu walioishi salama bila Kiingereza tangu kuzaliwa ghafla wakakihitaji kama chumvi, kwa sababu watalii walikuwa wameanza kuja kuyatazama magofu ya Kisiwani, na aliyeweza kusema "welcome" bila kukohoa alionekana mtu wa maendeleo. Mwalimu Lukasi, Mmakonde wa Newala aliyestaafu kufundisha lakini hakustaafu kufoka, akang'oa mlango wa stoo, akaupaka rangi nyeusi, akauegemeza ukutani, na juu yake akaandika kwa chaki: TUISHENI.

Mimi sikuwa mwanafunzi. Nilikuwa jirani. Lakini mwalimu alikuwa na sauti ya kumsahihisha mtu aliyeko ng'ambo, na masikio yangu hayana pazia.

"Kiima na kitenzi lazima vi...?"

"Vipatane!" mnaitikia.

"Sijasikia!"

"Vipatane!"

Nilikuwa nakunja suruali za watu wa Ulaya huku nikipatanisha viima na vitenzi kimyakimya. Siku moja nikajisahau, nikaitikia na mimi kutoka mezani. Mwalimu akachungulia. "Bakari," akasema, "Kiingereza chako kimepigwa pasi, lakini hakijafuliwa." Mlicheka wote. Wewe ulicheka kuliko wote, na hapo ndipo nilipokuona vizuri. Ulikuwa umetoka Kikole, umemaliza shule, unakaa kwa shangazi yako, na ulikuwa unaitwa Somoe.

Baada ya kipindi ukaja mezani. Nilifikiri unataka nguo. Ukawa unazigeuza moja moja, na nikagundua huzitazami, unazisoma.

"Hii inasemaje?"

"Inasema saizi ya kati."

"Sikuulizi saizi. Maandishi."

Ilikuwa fulana ya kijani: MY GRANDMA LOVES ME. Nikakutafsiria kwa mbwembwe: bibi yangu ananipenda. Ukaweka kidole juu ya ile S ya mwisho, ukakiacha hapo. Kisha ukachomoa nyingine, ya manjano, iliyokuwa inachungulia chini ya robota: MY COUSINS LOVE ME. Ukazitandaza pamoja.

"Ona," ukasema. "Bibi ni mmoja, hana S, basi S iko kwa loves. Hawa binamu ni wengi, S wameivaa wao, basi love imebaki uchi."

"Kwa nini?"

"Kama mimi na dada yangu. Tuna buibui moja. Akitoka nalo yeye, mimi nabaki ndani. Nikitoka nalo mimi, yeye anabaki ndani. Hatujawahi kuonekana sokoni pamoja."

Mwalimu Lukasi alikuwa ametumia wiki nzima na kipande kizima cha chaki kueleza jambo lile, na mimi nilikuwa sijaelewa. Kwa buibui nikaelewa palepale. Fulana zile mbili sikuziuza. Kila mteja aliyezishika nilimwambia zina tundu.

Ukawa unakuja kila alasiri. Watu wakasema huyu binti anapenda mitumba, basi atavaa vizuri. Kumbe tulikuwa tunasoma. Tulisoma vifua vya watu wa Amerika wote walioishiwa nafasi kabatini. Na katikati ya kusoma, bila mtu kutangaza, mambo mengine yakapatana yenyewe. Sikukwambia nakupenda. Ulinyanyua ile fulana ya kijani, ukaziba neno GRANDMA kwa kiganja, ukanitazama. "Soma," ukasema. Nikasoma kilichobaki. Ukasema, "Hapo sasa kiima hakipo." Nikasema, "Kiima kipo, kimesimama hapa." Ukaondoka ukikimbia kidogo, na kiatu kimoja kikabaki. Ukarudi kukichukua kwa heshima zote, kama mtu asiyenijua.

Shida ilianzia kwa baba yako, na wao hawakuwepo hata.

Mwalimu alikuuliza kwa Kiingereza baba yako anafanya kazi gani. Ukasimama, ukajibu kwa sauti nzuri: "My father are a farmer."

"Is!" mwalimu akafoka. "My father is! Baba yako wako wangapi?"

"Mmoja, mwalimu."

"Sasa?"

"Mmoja, lakini ndio baba."

Darasa likacheka. Hukukaa. "Samahani, mwalimu," ukasema, "juzi nilikuja mapema nikagonga hapa. Mama wa hapa wakatoka wakanambia, subiri, baba wamelala. Mlikuwa mmelala wangapi?"

Hapo hata mimi niliinama chini ya meza. Mwalimu Lukasi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hayo ya nyumbani," akasema. "Nyumbani mimi ni wamelala. Kwa Mwingereza mimi ni is. Mwingereza baba yake ni mmoja, mbwa wake ni mmoja, na wote anawapa is. Kiingereza hakina shikamoo. Kaa chini."

Ulikaa. Lakini uliumia, na alasiri ile hukusoma fulana hata moja. Ulisema, "Wanawekaje baba na mbwa kwenye is moja?" Nikakwambia ni lugha tu. Ukasema, "Lugha tu ndiyo inayosemwa na mdomo huuhuu."

Kisha likatangazwa lile jambo la hoteli. Mwekezaji, mzungu mmoja aliyekuwa akijenga upande unaotazama Kisiwani, alitaka msichana wa mapokezi, awe mwenyeji, awe na Kiingereza. Neno mwekezaji lenyewe lilikuwa jipya, tulilitamka kwa tahadhari kama dawa ya maji. Mwalimu alikutaja wewe. Na wewe ulihitaji kazi ile kuliko nilivyojua, mpaka uliponieleza mwenyewe umekaa juu ya robota.

"Baba wameleta ujumbe," ulisema. "Kuna watu wamepeleka maneno juu yangu. Baba wamesema nikipata kazi watawaambia hao watu wasubiri, maana mtu hawezi kuacha kazi. Nikikosa, wanajibu."

"Wanajibu nini?"

"We Bakari. Wanajibu ndiyo."

Tukapanga. Ukipata kazi, tunapata muda. Tukipata muda, nawaendea Baba Mdogo, walionilea tangu baba yangu walipofariki, nawaambia wanisindikize Kikole kwa posa. Kila kitu kilikuwa kimekaa juu ya mapokezi ya hoteli, na mapokezi yamekaa juu ya Kiingereza, na Kiingereza kimekaa juu ya is.

Basi tukafanya mazoezi. Nyuma ya meza, nimeshika pasi kama mzungu anavyoshika kalamu, nakuuliza: "And your father?" Ukawa unasema "My father" vizuri kabisa, halafu unasita, unatazama barabara ya kwenda Kikole, unashusha sauti, unasema "is" kama mtu anayetema mbegu.

"Baba yako wako Kikole," nakwambia. "Hawasikii."

"Wanasikia."

Lakini uliweza. Mpaka siku yenyewe inafika ulikuwa unaisema hata kwa sauti, mara mbili ukaisema ukitabasamu. Nikakuchagulia blauzi nyeupe iliyokuwa na kola, isiyo na neno lolote kifuani, ili mzungu asipate cha kusoma.

Tusilolijua ni kwamba baba yako wangekuja. Walishuka asubuhi ile kwenye lori la korosho, wamevaa kanzu na kofia iliyofuliwa, wakasema wanataka kumwona kwa macho yao huyo mtu atakayekaa na binti yao mchana kutwa. Ni haki yao. Mzee mwenye busara angefanya hivyohivyo. Mzungu akawapa kiti cha plastiki, wakakaa pembeni, kofia wameivua na kuiweka gotini.

Hoteli ilikuwa na kuta, haikuwa bado na milango wala paa, kwa hiyo usaili wako ulikuwa wa wote. Mimi nilisimama nje ya mahali pa dirisha na mafundi wawili na mama mmoja muuza vitumbua. Mzungu alikuuliza jina, ukasema. Akauliza umri, ukasema. Akauliza kuhusu Kisiwani, ukampa Kiingereza ambacho kilimfanya anyanyue nyusi na kumtazama karani wake, kijana wa Dar mwenye miwani ya jua. Fundi mmoja akaninong'oneza, "Huyu ameshapata."

Halafu mzungu, kwa wema tu, akiwaonyesha baba yako kwa kalamu, akauliza: "And your father? What does he do?"

Ukageuka. Ukawatazama baba yako, na miguu yao yenye vumbi la Kikole, na kofia ile gotini. Wao wakakutikisia kichwa, kwamba jibu mwanangu. Hawakujua neno hata moja. Ungesema chochote wasingejua.

"My father," ukasema. Mimi kule nje midomo yangu ilikuwa inasema is, is, is, mpaka muuza vitumbua akaniangalia.

"My father are a farmer," ukasema. "They grow cashew."

Mzungu akacheka. Hakucheka kwa ubaya, nasema kweli mbele ya Mungu. Akasema, "They? How many fathers do you have?"

Na yule karani, kwa kutaka kuonekana yupo, akatafsiri kwa sauti: "Sista, anauliza una baba wangapi."

Mafundi wakashusha nyundo. Baba yako wakainuka taratibu. "Amemwuliza nini mwanangu?"

"Utani tu, mzee," karani akasema. "Kauliza ana baba wangapi."

"Mama yake Somoe wako Kikole," baba yako wakasema, na sauti yao ilikuwa ndogo sana. "Nimewaoa kwa ndoa. Waliokula ile pilau wengine wako hai. Huyu ametoka kwao, akapanda ndege, kuja kutukana mama yake mtoto mbele ya mtoto?"

"Mzee, hakumaanisha..."

"Somoe. Twende."

Hakuna aliyeweza kuwaeleza. Hebu fikiri jinsi ya kueleza: Baba, mmetukanwa kwa sababu mwanenu amewaheshimu. Nimejaribu kuipanga sentensi hiyo miaka yote hii na bado haikai. Ulipita karibu yangu, blauzi bado nyeupe, ukatazama mbele kama hunijui, ukasema bila kufungua midomo sana, "Ulimi umekataa, Bakari. Ningewaachaje baba peke yao mbele ya mzungu?"

Lile neno, peke yao. Mimi nilidhani umoja ni hesabu. Wewe ulijua tangu mwanzo kwamba ni upweke.

Wiki haikuisha, Baba Mdogo wakaniita. Walikuwa wamekaa juu ya gunia, wanatafuna korosho mbichi kwa kupima ubora. Walikuwa wajane tangu zamani, na biashara ya korosho ilikuwa imewachangamsha. "Bakari, mwanangu," wakasema, "nimepata mchumba. Binti wa yule mzee wa Kikole ninayechukua mzigo wake. Nilipeleka maneno siku nyingi, leo wamejibu. Alikuwa anasoma hapo kwa Lukasi, jirani yako. Unamjua?"

"Namjua kwa mbali, Baba."

"Tabia yake?"

"Nzuri."

"Ana heshima?"

"Anayo," nikasema. "Mpaka inamponza."

Wakacheka sana, wakanipiga bega. Walidhani ni sifa, na ilikuwa sifa. Ulimi wangu na ulimi wako, Somoe, ulikuwa uleule. Wewe hukuweza kuwapa baba yako is, nami sikuweza kuwaambia walionilea kwamba wanachokitaka ni changu. Ukawa mama yangu mdogo. Nilivaa kanzu, nikala pilau, nikashika upande mmoja wa kitanda mlichonunuliwa tukakipitisha mlangoni kwa kukilaza ubavu.

Siku ya kwanza nilipokuja kula chakula cha mchana, ulikuwa unapepeta mchele. Nilisimama mlangoni. Tulikuwa tumelingana, labda nimekuzidi miezi. Baba Mdogo wakasema, "Salimia."

"Shikamoo, Mama Mdogo."

Ungo ukasimama. Kisha ukasema, "Marahaba, mwanangu," na ungo ukaendelea. Na Baba Mdogo walipoingia ndani kunawa, ukaniuliza bila kuinua macho: "Mama Mdogo go, au Mama Mdogo goes?"

"Go," nikasema.

"Vizuri. Kaa, ule."

Huo ndio ukawa wimbo wetu. Miaka ikapita hivyo. "Mama Mdogo go to market," unasema, unachukua kikapu. "Mama Mdogo have visitors." Baba Mdogo walikuwa wanafurahi nyumba yao ina Kiingereza, wakawa wanajisifu kwa wafanyabiashara wenzao. Mwalimu Lukasi alipita siku moja, akakusikia, akashika kichwa. "Has, Somoe! Has! Nimekufundisha nini mimi?" Ukamjibu kwa adabu, "Mwalimu, hiki ni Kiingereza cha nyumbani." Hatukuwahi kufanya jambo lolote la aibu, na nalisema wazi kwa kuwa barua hii ni ya wazi. Tulichokuwa nacho ni herufi moja ambayo hatukuitumia. Kila mara tulipoiacha, tulijua wote wawili iko wapi, kama lile buibui lililobaki nyumbani.

Baba Mdogo walikuwa wema kwako. Hilo nalo niliseme, kwa sababu lingekuwa jepesi kama wangekuwa wabaya.

Ulipougua, nilidhani ni homa kama homa nyingine. Ulikwenda hospitali ukarudi, ukaenda tena, ukarudi umepungua, mikono imekuwa ya mtoto. Siku ile nilikuta Baba Mdogo wamekaa kitandani wanakupepea kwa kipepeo cha ukindu, na wamechoka mpaka kipepeo kinawapepea wao. Nikasema, "Shikamoo, Mama Mdogo. Mnajisikiaje?"

Ulifumbua macho. Ukanitazama kama siku ya fulana ya kijani. Ukasema kwa Kiingereza, polepole, kila neno limenyooka:

"Somoe is tired."

Hukusema Mama Mdogo. Ulijiita kwa jina lako, mmoja, na is. Jambo ulilolikataa kwa baba yako mbele ya mzungu, ulijifanyia mwenyewe mbele yangu.

"Anasemaje?" Baba Mdogo wakauliza.

"Wanasema wamechoka."

"Mwambie apumzike. Mwambie kwa hichohicho Kiingereza, anakipenda."

Basi kwa amri ya mume wako, mbele ya mume wako, nilikwambia: "Somoe rests." Na ile S nikaivuta. Nikaivuta kwa meno yote, ikatoka ndefu, ikaendelea, kama baiskeli inayovuja upepo, mpaka Baba Mdogo wakatazama mlangoni kuona ni tairi ya nani. Ulitabasamu. Ukafumba macho. "Vimepatana," ukasema, kwa Kiswahili, na Baba Mdogo wakaitikia, "Eeh, vimepatana," bila kujua nini.

Hiyo ndiyo S niliyoitangaza hapo juu. Sijaitumia tena tangu siku hiyo na sitaitumia.

Ulipofariki, Baba Mdogo walinipa kazi ya kuandika tangazo la redio, kwa kuwa nina mwandiko. Niliandika "Mama Mdogo wamefariki". Redio wakasoma "amefariki". Huko Dar nao wana Mwalimu Lukasi wao. Nilisikia nikiwa uani, nimeshika sufuria ya maji ya kuwanawisha majirani, na kwa mara ya kwanza nikasikia ulivyo peke yako.

Makaburini watu walijaa. Shehe akasema maharimu wa marehemu, wanaume wanaoruhusiwa kumgusa, wasogee kukupokea. Baba yako wakashuka kaburini, wamezeeka, kaka yako anawashika kiwiko. Baba Mdogo wakashuka. Ikabaki nafasi ya mtu, na watu nyuma yangu wakanisukuma: "Bakari, nenda. Nenda, ni mama yako." Nikavua viatu. Nikafika ukingoni.

Shehe, mgeni kwetu, akaniwekea mkono kifuani. "Wewe ni nani wake?"

"Mwanawe."

"Wa kumzaa?"

"Hapana. Mtoto wa kaka wa mumewe. Ni mama yangu mdogo."

Akatikisa kichwa. Alikuwa mtu mpole, aliinamisha mdomo karibu na sikio langu asinifedheheshe. "Basi wewe si maharimu wake, mwanangu," akasema. "Kisheria wewe ni mtu ambaye angeweza kumwoa. Rudi nyuma."

Katika watu wote wa Masoko, Kikole na visiwa vyote viwili, ndiye pekee aliyewahi kulitamka. Na alilitamka kwa umoja: wewe, wake, kumwoa. Kiima kimoja, kitenzi kimoja, vimepatana kabisa. Nilirudi nyuma. Nikashika viatu vyangu mkononi kama mtu aliyekuja kununua. Nilitazama mikono ya watu wengine ikikuteremsha, na mmoja kati yao alikuwa shemeji wa jirani ambaye hata hakujua uliitwa nani, ila alikuwa na nguvu, na shehe hakumwuliza ni nani wako.

Jioni Baba Mdogo waliniuliza kwa nini sikushuka. Nikasema shehe alinizuia. "Kwa nini?" wakauliza. "Wewe ni mwanawe." Nikasema, "Sarufi tu, Baba." Wakatikisa kichwa, wakalia tena, nami nikawashika, maana hawana mwingine na mimi sina mwingine.

Sasa nikipita nyumbani mchana hakuna anayeniuliza go au goes. Ungo umetundikwa. Zile fulana mbili ninazo, na nikikuta mteja anazishika bado namwambia zina tundu, na siku hizi sisemi uongo, panya wameipata ile ya manjano. Ya kijani ni nzima. Juzi niliitandaza, nikaziba neno GRANDMA kwa kiganja, nikasoma kilichobaki. Ulisema kweli siku ile. Kiima hakipo.

Lala, Somoe. Nakwambia mara hii moja kwa jina lako na kwa umoja wako. Kesho nikipita makaburini na Baba Mdogo nitasema shikamoo Mama Mdogo, kama kawaida, nawe utanivumilia kama kawaida.

Ni mimi, asiye maharimu wako,

Bakari

N.B. Kuna jambo moja ambalo wewe na mimi hatukuwahi kulisema, ingawa tulipita pale kila tulipokwenda sokoni. Ile hoteli haikufunguliwa.